Jicho la Karashani

Nyamongo, 11 Februari 2018

Mpwa wangu Wegesa,

Sisi huku wazima, isipokuwa wale wanaonionea wivu. Hao afya yao siisemei. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu inakula maneno, na maneno yangu si ya kuliwa.

Jumapili nilipita Nyarero kumsalimu dada yangu Gati, mama yako. Nikamkuta anapepeta mtama huku anasonya. Nikamuuliza kulikoni. Akasema wewe huko Afrika Kusini unatafuta kitu mbinguni na hukioni, na usipokiona mwaka huu utarudishwa nyumbani bila shahada. Nilicheka mpaka kuku wakakimbia. Nikamwambia, Gati, mtoto anatafuta kitu, hakioni, na mjomba wake ni mimi. Sasa shida iko wapi?

Uliondoka hapa sifa zangu zikiwa bado changa, kwa hiyo sikulaumu. Rashi ya dhahabu imelipuka upya huku. Watu wanamiminika kutoka Kahama, Geita, hata Migori kwa ndugu zetu, bodaboda hazina pa kugeuzia. Na hapa karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe, hakuna jiwe linaloingia kinywani mwa mashine kabla jicho langu halijalipitisha. Vijana wakibishana juu ya jiwe wanasema, mpelekee Waitara. Mwaka juzi nilikuwa nimesimama Sirari, upande wetu, nikaona punje ya dhahabu imenasa kwenye soli ya kiatu cha Mkenya aliyekuwa anakunywa chai upande wa pili wa mpaka. Nilimwita. Alipoinua mguu, ipo. Shahidi wangu ni ofisa mmoja wa pale mpakani, bahati mbaya amehamishwa.

Shule niliishia darasa la tano, kwa hiari yangu, baada ya kuona mwalimu amebakiwa na machache. Lakini kuchambua sikufundishwa na mtu. Nitumie hicho kitu unachokitafuta, jinsi kilivyo, pamoja na takataka zinazokificha. Nitakitoa.

Mjomba wako,
Waitara Nyangwine


Cape Town, 2 Machi 2018

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwatafsiria wenzangu wa ofisini. Mmoja ni Mzambia, anaomba jina la yule ofisa wa mpaka.

Mama amekuambia kweli, ila amepunguza. Kuna darubini inayopiga picha anga, kipande kwa kipande. Kwenye picha hizo kuna galaksi kwa mamilioni, na kila galaksi ni mji wa nyota zisizohesabika. Mara chache sana, galaksi moja nzito inakaa sawasawa mbele ya nyingine iliyo mbali zaidi. Ungedhani ile ya nyuma imefichwa. Haikufichwa. Uzito wa ile ya mbele unaupinda mwanga wa ile ya nyuma, nasi tunauona umejikunja pembeni kama upinde mwembamba, au vipande viwili huku na huku, au mara chache pete nzima. Hiyo tunaiita lenzi ya mvutano. Chukua chupa ya soda, tazama mwanga kupitia kitako chake, utaona ninachosema.

Macho ya watu hayawezi kupitia mamilioni ya picha. Kwa hiyo nimeifundisha kompyuta itazame kila picha na kusema, hii lenzi, hii siyo. Nayo inasema bila haya. Imeniletea elfu tatu na mia nne. Kila ninayofungua ni doa la mwanga kwenye kioo, au njia ya setilaiti, au mwako wa nyota ya karibu.

Tarehe 9 Septemba nimepewa nafasi kwenye darubini kubwa ya huku, ya kupima picha moja tu nitakayoichagua. Ikithibitika kuwa lenzi, kazi yangu inasimama na ninamaliza shahada. Isipothibitika, mradi unafungwa na mimi narudi Nyarero na sanduku langu.

Ulivyosema unaweza kuchambua nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Nimechapa picha mia mbili za rangi kwenye kadi, kila moja ina namba nyuma. Pembeni nimeweka tano zenye mstari mwekundu. Hizo ni lenzi za kweli, zimeshathibitishwa, jifunzie. Kati ya zile mia mbili, niandikie namba za zile unazosema ndiyo.

Mpwa wako,
Wegesa


Nyamongo, 8 Aprili 2018

Mpwa wangu,

Mzigo umefika. Pale posta Tarime waliniuliza ndani mna nini. Nikasema, mbingu. Wakanipisha.

Nilianza na la chupa. Nilikunywa soda tano nikitafuta kitako kinachofaa, na kile cha tano kikanipa pete ya mwanga kama ulivyosema. Nikawaita vijana nikawaeleza lenzi yako kwa lugha ya watu: mtu kajificha nyuma ya kilima, na kilima chenyewe ndicho kinachomtangaza. Kijana mmoja wa Kahama akabisha. Nikampa habari ya tembo wa Morotonga. Nilikuwa natoka Mugumu kwa baiskeli, mwaka 2009, nikamkuta tembo kasimama katikati ya njia. Nyuma yake alikuwepo wa pili, mkubwa kuliko yeye, na huyo simwoni. Lakini masikio yake yametokeza huku na huku, yule wa mbele akaonekana ana masikio manne. Nikasema, mura, kijana wangu, tembo wa masikio manne hayupo duniani, tokeni wote wawili. Wakatoka, wameinamisha vichwa. Kijana wa Kahama hakubisha tena.

Kadi tulizitandaza kwenye turubai tunalochagulia mawe, asubuhi, jua likiwa upande. Kazi ya siku tatu. Awino, mama mmoja mchagua mawe hapa kwetu, alinisaidia kuzishika zisipeperuke. Nimekataa mia moja themanini na tisa. Nimekubali kumi na moja: 5, 22, 31, 58, 77, 90, 112, 126, 143, 168, 191.

Kuna jambo lingine nililoliona, zito. Lakini barua hufunguliwa njiani. Tuliache.

Mjomba wako,
Waitara Nyangwine


Cape Town, 29 Aprili 2018

Shikamoo Mjomba,

Asante sana kwa kazi yote hiyo. Majibu yako nimeyaingiza yote kwenye kompyuta na yamenipa mengi ya kufikiria. Mwalimu wangu anakusalimu. Kadi zilizobaki unaweza kuwapa watoto, usijisumbue tena.

Hali yangu ni ile ile. Kompyuta inaniletea madoa. Nimeanza kuangalia bei ya nauli, usimwambie Mama.

Mjomba, maandishi yako yamekuwa makubwa. Barua ya ukurasa mmoja imekula kurasa tano. Macho hayajambo?

Mpwa wako,
Wegesa


Nyamongo, 20 Mei 2018

Wegesa,

Maandishi makubwa ni ya mtu mkubwa. Tuendelee.

Mimi nimesifiwa tangu nazaliwa, kwa hiyo sifa naijua kwa harufu. Sifa ya kweli inataja kitu. Inasema, Waitara, jiwe lile la Jumanne ulilolikataa, nimelisaga, kweli halikuwa na kitu. Hii yako ni ile tunayompelekea mgonjwa: leo umeamka vizuri, hata uso umenawiri. Na mtu anayesifiwa hivyo anajua jeneza linachongwa. Nilikosa ngapi? Sema.

Na kwa kuwa umefika mahali pa kutazama nauli, nitakuambia nililolificha. Nilitaka nije nikuambie mdomoni, lakini siku zinakwenda.

Chuoni kwako kuna mwizi.

Kati ya zile kadi mia mbili, arobaini ni za kupakwa. Wewe ni mtoto wa huku, unajua. Mtu ana jiwe tupu. Anatia tupa kwenye bomba la shaba, anachanganya ule unga na gundi, anapaka kwenye ufa wa jiwe, kisha anamtafuta mgeni aliyeshuka jana kutoka Kahama. Zako ni hivyo hivyo. Mtu amechukua picha tupu ya mbinguni akapaka upinde juu yake, akakuletea. Mwenye macho anaiona kabla hajaishika. Nyuma ya karatasi hii nimeandika namba zake zote, ukazihesabu. Sikukutajia kwa sababu niliogopa barua ikifunguliwa na mwizi mwenyewe atakugeuzia kibao, na wewe uko ugenini.

Sasa fanya hivi. Usipige kelele. Mtazame anayekuletea picha, hasa anayecheka sana. Mpe chai. Halafu niandikie jina lake, nije. Nimewahi kumkamata mpakaji mawe mmoja hapa kwa kumtazama tu, alikiri na ya babu yake.

Mjomba wako mwenye hasira,
Waitara Nyangwine


Cape Town, 6 Juni 2018

Shikamoo Mjomba wangu,

Mwizi nimempata. Ni mimi.

Kaa chini nikueleze. Lenzi za kweli zinazojulikana ni chache mno, hazitoshi kuifundishia kompyuta. Kwa hiyo tunaofanya kazi hii huzitengeneza. Tunachukua picha halisi ya galaksi, tunapiga hesabu upinde ungekaa wapi, tunauchora juu yake. Mimi nimetengeneza laki moja za namna hiyo, na hizo ndizo kompyuta yangu ilizosomea. Arobaini kati yake nilizichanganya kwenye kadi zako bila kukuambia, nikupime jicho. Nilikuwa nimeziita ndizo jibu sahihi. Ulipozikataa zote, nikahesabu umepata sifuri, nikakuandikia ile barua ya mgonjwa. Nisamehe.

Jana nimeigeuza karatasi yako nikazisoma namba za nyuma. Nimezilinganisha moja moja kwa kidole. Arobaini kwa arobaini, Mjomba. Hukuacha hata moja na hukuisingizia hata moja. Nikawapa wenzangu kadi zile zile. Aliyejitahidi amepata ishirini na mbili. Mwalimu wangu alipata kumi na tisa na akaenda zake nyumbani.

Unaona maana yake? Kama wewe umeuona mpako, kompyuta nayo imeuona. Miaka miwili haikuwa inajifunza lenzi. Ilikuwa inajifunza mpako wangu. Ndiyo maana inaniletea madoa ya kioo na njia za setilaiti: inatafuta chochote kinachofanana na nilivyopaka, na lenzi za kweli inazitupa.

Lakini nimetazama mpaka macho yanauma, siuoni. Niambie umejuaje. Tafadhali usinipe kisa. Nipe alama. Nina miezi mitatu.

Wegesa


Nyamongo, 30 Juni 2018

Mwanangu Wegesa,

Hujambo. Mimi ni Awino, nachagua mawe hapa karashani miaka kumi na moja sasa. Kwetu ni Shirati. Waitara ana kazi nyingi, amesema niandike mimi anavyoona yeye. Mkono ni wangu, jicho ni lake.

Barua yako ilikaa mfukoni mwake siku nne. Anaitoa, anaiangalia, anairudisha. Ulisema asikupe kisa, na hapo ndipo palipomkwamisha.

Alama ni hii. Chukua jiwe la kweli. Vumbi lake, uchafu wake, nyufa zake, vinapita juu ya jiwe na juu ya dhahabu pamoja, kwa kuwa vilikaa pamoja chini ya ardhi. Jiwe la kupakwa, vumbi liko kila mahali isipokuwa pale panapong'aa. Mng'ao umekuja jana, umekaa juu ya vumbi. Ndivyo tunavyojua, hatuangalii mng'ao, tunaangalia vumbi.

Picha zako zina vumbi. Vidoa vidogo vidogo, kama unga wa mahindi uliomwagika, na vyote vina ukungu kidogo pembeni. Zile tano za mstari mwekundu, upinde una unga huo huo na ukungu huo huo. Zile arobaini, unga uko kote, ukifika kwenye upinde unaisha. Upinde ni safi kama umepigwa brashi mara moja. Nilipoona ya kwanza nilidhani, nataka kusema Waitara alipoona ya kwanza alidhani ni bahati mbaya. Ya sita ndipo akasema hapana. Alikuwa amelala kwenye magunia wakati huo, lakini aliona.

Usirudi nyumbani kabla hujajaribu, nyathina, mwanangu.

Awino


Cape Town, 22 Julai 2018

Shikamoo Mjomba, shikamoo Mama Awino,

Vumbi. Nilikuwa nalo mbele ya macho yangu miaka miwili.

Kila picha ya darubini ina chengachenga, na ina ukungu unaoletwa na hewa ya dunia. Mimi nilichukua picha ambayo tayari ina vyote viwili, nikachora upinde juu yake baadaye. Upinde wangu haukupita kwenye hewa yoyote. Ni mstari mmoja niliousahau kwenye maagizo niliyoiandikia kompyuta, mmoja tu, na ndio uliokuwa unanirudisha Nyarero. Nimetengeneza pinde laki moja upya, zamu hii nimezichafua kama Mama Awino alivyosema. Kompyuta imeanza shule tena tangu darasa la kwanza.

Sasa haileti elfu tatu. Imeleta kumi na saba, na mbili ziko juu kabisa, zimekabana. Moja ni pete karibu nzima, nzuri sana, kila mtu hapa anaisimamia. Nyingine ni kadi yenu namba 126. Mlisema ndiyo mwezi wa nne. Ni upinde mfupi wa buluu, hafifu, na upande wa pili kuna kidoa. Wazee wa kazi hii walibishana juu yake miaka mitatu wakaiacha.

Nina nafasi ya kupima moja tu. Nawatumia zote mbili zimechapwa kubwa. Naomba kila mmoja wenu achague peke yake, bila kushauriana, na aniambie kwa nini. Nikishapeleka jina la picha kule kwenye darubini halibadiliki.

Wegesa


Nyamongo, 13 Agosti 2018

Mpwa wangu,

Umekuwa mjanja. Kila mmoja peke yake. Hiyo akili umeitoa kwetu, si kwa baba yako.

Nilikwenda Tarime kwa Shamsudin, yule anayeuza miwani karibu na stendi. Nikamwambia nataka ya rafiki yangu. Akasema basi jaribu wewe kwa niaba yake. Nikajaribu. Wegesa, sitakuficha, nilikaa kwenye benchi lake nikasoma gazeti zima, na matangazo ya vifo. Miaka mitatu nilikuwa naona vitu vya karibu kama nimevitazama kupitia maziwa. Mbali bado naona vizuri, habari ya Mkenya na kiatu chake ibaki kama ilivyo.

Nikarudi, nikazitoa picha zako mbili, nikazitazama kwa macho yangu mwenyewe. Mara yangu ya kwanza kuiona mbingu yako. Zile mia mbili sikuziona. Barua zako Awino ndiye aliyekuwa ananisomea. Kadi aliyezichambua ni Awino, siku tatu, mimi nikiwa nazungumza. Za kupakwa aligundua Awino. Nilimwomba asikuambie, naye akakuandikia uongo ule wa magunia, mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akidanganya hata umri.

Nilichagua pete. Nilisema moyoni, hii ni nzuri, imekamilika, mtoto ataipenda. Nikaandika na karatasi kabisa. Kisha nikamuuliza Awino alichoandika, najua ulikataza, nikakuta 126. Tumegombana siku mbili. Nilimwambia huoni pete ilivyo. Akasema, "Naiona. Pete hiyo haikupakwa, ni yake mwenyewe. Rangi inaanza katikati inakwenda nje polepole, mwili mmoja. Sasa tazama hii nyingine. Upinde na kile kidoa cha upande wa pili ni buluu moja, katikati ni nyekundu. Ni wawili, Waitara. Tunatafuta wawili."

Ningekuwa mtu mdogo ningekuandikia 126 nikanyamaza, ikitokea kweli nikajisifu nayo mpaka kufa. Na ilinijia kufanya hivyo, nilishashika kalamu. Lakini nikafikiri, ukibaki unaamini jicho ni langu, iko siku utaniuliza jambo Awino hayupo, nami nitakujibu.

Usifuate langu. Fuata la Awino. Karatasi yake iko ndani ya bahasha hii, na ni fupi kuliko yangu.

Mjomba wako,
Waitara Nyangwine


Cape Town, 12 Septemba 2018

Mjomba wangu, Mama Awino, shikamooni nyote wawili,

Nilipeleka 126. Mwalimu wangu aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kwa sababu yeye alikuwa wa pete. Nikamwambia wachaguzi wangu wa mawe wamegombana siku mbili juu ya hili na mmoja ameshindwa. Akasema huo ni ukaguzi mkali kuliko wa jarida lolote.

Usiku wa tarehe 9 mawingu yalifunga jangwa zima ilikosimama darubini. Tulikaa kwenye chumba cha kuongozea darubini tunakula biskuti, hakuna anayemtazama mwenzake. Ilibaki saa moja na nusu mawingu yakaachia. Darubini ile inaupasua mwanga kama jua linavyopasuka kwenye mvua, na kwenye rangi zake unasoma umbali. Ya katikati, ile nyekundu, mwanga wake umesafiri miaka bilioni nne. Kisha ukaja upinde: bilioni tisa. Nikashika kiti. Kisha kile kidoa cha upande wa pili, ambacho watu walikiita uchafu: bilioni tisa, na kila mstari wa rangi mahali pale pale. Si vitu viwili vinavyofanana. Ni galaksi moja iliyojificha nyuma ya nyingine, tumeiona pande zote mbili.

Ni lenzi. Narudia kwa sababu napenda kuiandika. Ni lenzi, na imekutwa na kompyuta yangu, na kompyuta yangu imesahihishwa na karasha la Nyamongo. Mwalimu alinikumbatia, kisha akauliza, huyu Awino anafundisha chuo gani.

Mradi haufungwi. Shahada namaliza mwakani. Ile pete, kwa taarifa yako Mjomba, mwenzangu alipata mtu wa kuipima kwingine: ni galaksi ya pete, mwili mmoja, kama alivyosema Mama Awino.

Nimeshampigia Mama. Nikasikia anawaita majirani.

Makala inaandikwa sasa. Mwishoni tunaweka majina ya waliotusaidia, na kila jina linafuatwa na alichofanya. Niambieni yenu niyaandikeje.

Wegesa


Nyamongo, 7 Oktoba 2018

Mpwa wangu Wegesa, mtoto wa dada yangu, daktari mtarajiwa,

Barua yako nimeisoma mwenyewe, kwa sauti, nimesimama juu ya jiwe kubwa, karasha limezimwa. Karasha halijawahi kuzimwa mchana tangu rashi ianze. Hata bodaboda walisimama wakidhani kuna msiba. Nilipofika kwenye ile bilioni tisa ya pili, yule kijana wa Kahama akavua kofia. Nikamwambia vaa, jua kali.

Awino alikuwa anachagua mawe wakati wote ninaposoma. Hakuinua kichwa. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo mtoto anabaki?" Nikasema anabaki. Akaweka nyundo chini, akaenda nyuma ya magunia, akakaa huko kidogo, akarudi macho mekundu akisema ni vumbi. Kisha akaanza kuimba Kijaluo, na wanawake wote wa turubai wakadakia, na mimi pia, ingawa maneno siyajui. Tuliimba mpaka mwenye karasha akaja kuuliza mbona leo hapasagwi kitu. Alipoambiwa, naye akaimba. Jioni Gati akatokea kutoka Nyarero na kuku wawili na mtungi wa togwa, akamshika Awino mikono, hawakuweza kusema hata mmoja wao, nikalazimika kusema mimi kwa niaba ya wote. Nilisema kwa muda wa saa mbili. Wanadai ni tatu.

Sasa la majina. Nimefikiri wiki nzima, kazi ngumu kuliko kuchimba. Awino anasema lake andika Awino tu, mchagua mawe, Nyamongo. Nimemwambia aongeze kidogo, hapana, hataki. Liweke la kwanza, na herufi zisiwe ndogo.

La kwangu. Nilitaka useme nilitoa ushauri, nikafuta. Nikataka useme nilisimamia, Awino akanitazama, nikafuta. Nikakumbuka mwaka 2007, wanawake zaidi ya mia walikuwa wanaokota mawe kando ya barabara, wamepiga magoti, vumbi tupu, huwezi kumjua huyu na yule. Nilipita na baiskeli, nikaona mmoja ambaye kila jiwe analolitupa halirudii, na kila analoliweka kando lina kitu. Nilishuka nikamwambia mama, njoo ufanye kazi karashani. Watu walinicheka kwa sababu alikuwa ametoka Shirati juzi tu na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Hiki nakuapia kwa kaburi la babu yako hakina chumvi, muulize yeye, na kama hutamuuliza basi niamini mara moja maishani mwako.

Kwa hiyo andika hivi, na usipunguze neno: Waitara Nyangwine, aliyemwona Awino.

Mjomba wako